Bibi yangu alitoa samaki kwenye birika, mbu wakavuka kwa jirani

Salaam kwenu wakuu. Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, leo nimeamua kuandika. Chumvi sitaongeza, nawaeleza kama nilivyoelezwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni bibi yangu, mama wa mama. Alinisimulia mimi nikiwa kijana na yeye keshazeeka. Mambo yalitokea Amu, yaani Lamu, miaka michache kabla ya ile vita ya kwanza ya Wazungu. Mimi sasa nina sabini na kitu, kwa hiyo msinipigie hesabu, inatoka sawa.

Bibi alizaliwa Kililana, watu wa shamba. Akaolewa Amu mjini, kwenye nyumba ya mawe.

Chooni mlikuwa na birika, yaani tangi la kujengwa kwa mawe na chokaa, la maji ya kuogea na kutawadha. Na ndani ya birika, samaki wadogo wa urefu wa kidole.

Kwa mtu wa Amu hilo ni jambo la kawaida kabisa. Samaki wanakula viluwiluwi vya mbu, basi. Hakuna dawa, hakuna moshi, na watu wanalala.

Lakini kwao Kililana walichota kisimani wakamaliza siku hiyo hiyo. Bibi hakuwahi kuona kitu kama kile, na wala hakuuliza.

Baba yake alikuwa mkali sana wa tohara, yaani usafi wa ibada. Sasa bibi akaingiwa na wasiwasi: samaki wanajisaidia mle mle, je, udhu wake unasihi? Kuuliza aliona haya, asije akaitwa mshamba.

Mumewe alikuwa safarini na jahazi, na mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, akasafiri kwenda Siyu kumuuguza dada yake. Huku nyuma bibi akashika kata, akawachota samaki wote, akawapa paka. Paka wa Amu mnawajua, hawakubakisha hata mkia.

Siku tatu alijiona msafi.

Siku ya nne akaona vitu vyeusi vinajinyonganyonga majini. Akamwaga maji, akajaza upya, vikarudi. Wiki ya pili, mbu.

Hapo hofu ikamkaa. Dawa alishaielewa, maana jirani yake Bi Zuhura alikuwa na samaki birikani na hakuwa na kiluwiluwi hata kimoja. Na Amu samaki wa birika hawauzwi wakuu, unaomba unapewa.

Lakini kuomba ni kukiri. Habari itafika kwa mavyaa, mavyaa atamwambia mwanawe, na bibi atarudi kwao Kililana na talaka mkononi.

Akanyamaza. Kila magharibi akisikia mbu wanaanza, anajifunika kanga mpaka kichwani.

Nyumba zile zimebanana, mnaweza kupeana sahani ya chakula dirisha kwa dirisha. Na Bi Zuhura alikuwa na mtoto mchanga, Athumani, hata shingo haijakaza.

Akaanza kulalamika, mbu mwaka huu wametoka wapi? Bibi akajibu hata yeye hajui.

Wiki moja baadaye Athumani akashikwa na homa.

Bibi alisema alikuwa akikisikia kilio cha yule mtoto akiwa jikoni, akiwa kwenye sala, kila mahali. Kilipoanza kupungua nguvu ndipo alipoogopa zaidi.

Siku ya tatu ya homa akajitoa. Akapiga hodi asubuhi, akasema yote amesimama mlangoni. Alitegemea matusi.

Bi Zuhura alikuwa amempakata mtoto. Akamtazama, akamwonyesha chooni kwa kidevu.

"Tukua watano," alisema. "Ungaliya siku ya kwanda, ningalikupa siku ya kwanda." Yaani angalikuja siku ya kwanza, angalimpa siku hiyo hiyo.

Bibi akachukua samaki watano, akaondoka nao kwenye bakuli. Athumani alizikwa Ijumaa.

Mavyaa aliporudi alikuta birika lina samaki na maji yametulia. Bi Zuhura hakumwambia mtu, mpaka anaingia kaburini. Bibi alisema talaka angeizoea, lakini kuamkiana kila asubuhi na mtu anayejua akanyamaza, hilo hakulizoea kamwe.

Nilichojifunza ni kwamba ndani ya nyumba yako hamna kitu cha peke yako. Birika lako ni la mtaa mzima. Kabla hujamwondoa kiumbe nyumbani, uliza kwanza anafanya kazi gani, hata wakikucheka. Na ukishakosea, wahi kusema. Siku zile alizonyamaza ndizo zilizomla bibi, kuliko wale samaki wenyewe.

Alipomaliza kunisimulia aliniuliza, "Mjukuu wangu, wadhani walikuwa mbu wangu?"

Nilitaka kumwambia hapana. Akafariki sijamjibu.

Wakuu, nyinyi mngemwambia nini?