Siku Shangazi Kavira Aliporudi

Jumapili iliyopita, baada ya Misa hapa Beni, nilimwona msichana mdogo akimkimbilia mama mwembamba aliyeachiliwa na watekaji, akamkumbatia kiunoni. Mimi niliinamisha kichwa.

Wakati wa vita, nilipokuwa mtoto, tulikaa Butembo. Wanajeshi walimkuta shangazi yangu Kavira shambani Musienene, wakamchukua awabebee mizigo. Kila jioni tulimwombea. Katekista alitufundisha kwamba wafungwa wanaorudishwa na Mungu hurudi wakicheka, nami nilishika neno hilo kama lilivyo.

Alasiri moja mvua ilikuwa imekatika, na uwanja ulinuka moshi wa mikaratusi na maharagi yaliyochemka. Mara Mama akapiga kelele. Mlangoni alisimama mwanamke aliyevimba miguu, mwenye harufu ya jasho na majani yaliyooza. Hakucheka.

“Kuya umusalimie shangazi yako,” Mama akaniambia.

“Huyu hapana shangazi,” nilisema kwa sauti. “Shangazi atarudi na kucheka.”

Mama aliinua mkono anipige, lakini mgeni akamshika.

“Mutoto mumuache,” akasema polepole. “Hata miye niko najitafuta.”

Kwa majuma mawili sikukaa karibu naye. Sikujua kwamba mtu anaweza kufika nyumbani na bado akawa njiani. Kisha alihamia Kayna kwa dada yake, na huko ndiko alikozikwa. Siku ya kuondoka, kabla ya kupanda lori, aliniita kwa jina mara mbili. Nilimsikia vizuri, nikabaki nyuma ya nyumba.