Wilibrodi Apanga Bahari

Ukungu wa asubuhi uliingia ofisini kwa dirisha ukatua juu ya meza, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuikalia. Meza ile, katika hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ilikuwa ya Wilibrodi. Aliichongesha kwa fundi wa Karatu kabla hajapewa cheo chenyewe, na hakupata kuiwekea hata kiwiko.

Wilibrodi alikuwa mhudumu wa mezani, mtoto wa kibarua wa kahawa Oldeani. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, wageni waliozoea kumalizia safari Malindi kwa kuvua samaki wakubwa walikwama kwetu, wakitazama nyati kwa uchovu. Meneja, aliyependa mikutano kuliko chakula, akaitisha mkutano.

"Ndugu zangu, bahari tunayo wenyewe. Nani hapa anajua uvuvi?"

Wilibrodi alinyoosha mkono. Bahari hakuwa ameiona hata siku moja. Lakini aliwahi kuvua kambale Ziwa Eyasi, na ukumbini hapakuwa na mwingine aliyevua hata chura.

"Ukifaulu, wewe ndiye ofisa safari," meneja alisema. "Ukishindwa, jembe la baba yako linakungoja."

Alipanga kwa bidii ya kutia huruma. Alikodi boti ya injini Pangani kwa telegramu. Aliwaagiza wageni waje na mabuti ya mpira, maana Eyasi mtu huingia topeni na mkuki wake. Mwezi alichagua Aprili, katikati ya masika.

Shangazi yake Marsela, mpishi wa hoteli, alimvuta kando ya jiko.

"Wili, bahari si ziwa. Maji yake ya chumvi."

"Na ya Eyasi, shangazi, ni ya sukari?"

"Haya. Na Aprili je?"

"Mvua ikinyesha mito inajaa, kambale wanatoka wenyewe. Samaki ni samaki."

Marsela alirudi kwenye sufuria zake, kwa sababu Eyasi mambo huwa hivyohivyo: mwaka wa mvua watu huteremka huko kutoka Karatu na kurudi na magunia. Meneja naye aliupitisha mpango akitikisa kichwa kama mtu aliyezaliwa juu ya mawimbi.

Wilibrodi akawapeleka Wajerumani wanne Pangani kwa Landrova, njia nzima tope. Nahodha wa boti aliwakuta ufukweni na mabuti yao, upepo wa kusi ukipeperusha kofia.

"Nani kawaleta Aprili?"

"Mimi, mzee. Samaki hutoka masika."

"Wapi huko?"

"Eyasi."

"Basi warudishe Eyasi, mwanangu. Boti yangu haitoki kwenye kusi hii."

Wageni walikaa gesti wakicheza karata na kusikiliza mvua juu ya bati. Mmoja alitupa ndoana mtoni akanasa kambale. Wilibrodi alimpongeza kwa furaha ya kweli, na furaha hiyo ikawaudhi kuliko mvua.

Waliporudi, meneja alisema amedanganywa na mtumishi, akamfukuza palepale mbele ya wageni. Mwaka huohuo yeye mwenyewe alihamishiwa Dar es Salaam kusimamia hoteli za pwani, kwa kuwa sasa alikuwa na uzoefu.

Oldeani Wilibrodi hakurudi, lakini jembe lilimpata. Yuko Mang'ola, karibu na Eyasi, analima vitunguu.