Bikombe ya Parkingi

Shofere mwenye hakukuwa na kikombe kwa Mama Anastasie, huyo hakukuwa shofere, alikuwa angali anajifunza.

Malewa ya mama huyu, kibanda yake ya kuuzia chakula, ilikuwa ku Parkingi, pale kamiyo za mizigo zinaingilia Bunia zikitoka Komanda. Alifika pale akikimbia vita ya Djugu, sufuria mbili ku kichwa, mutoto ku mugongo. Akaanza na chai. Kisha sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kisha bugali na samaki. Kila shofere akaleta kikombe yake ya chuma, jina imeandikwa na rangi, akaipachika ku musumari ya ukuta. Anashuka na vumbi mpaka ku kope, hasalimie mutu, anakamata kikombe kwanza. Kamiyo ikichelewa siku mbili, bibi ya shofere anakuja kuangalia ukuta. Akikuta kikombe ingali kavu, anakaa chini na Mama Anastasie, banangoja pamoja. Parkingi ilikuwa vile. Batu walijuana.

Hata Lambert, shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, alikuwa na kikombe yake, yeye mwenye hajaendesha hata toroli. Miaka kumi na mbili anakula pale kila muchana, anapangusa mudomo, anaenda zake.

Siku moja baenjeniere ba barabara bakapita na rangi nyekundu, bakachora musalaba ku ukuta ya malewa.

"Mama, lami iko inakuja, inapita hapa hapa," Lambert akamwambia, sombe ingali ku meno. "Katapila haiombake ruhusa. Toa manjanja yako ya paa weye mwenyewe, utaiokoa."

"Na siye tutaenda wapi, shefu?"

"Kwanza okoa manjanja."

Na hii njo ujinga yetu siye batu wa Bunia. Rangi nyekundu ikigusa tu ukuta, tunavunja mbele ya katapila kufika. Hakuna mwenye anauliza karatasi ya serikali iko wapi. Mama Anastasie akapanda juu na nyundo, akangoa manjanja moja moja, akanyoosha misumari ku jiwe. Bajirani bakafanya vile vile. Siku tatu, laini nzima ya nyumba ikabaki miti tu, sawa mifupa ya ngombe.

Katapila haikukuja.

Wiki ya pili bakasikia inanguruma nyuma ya kilima. Kumbe barabara imekata kona! Imeacha Parkingi, imezunguka kule, imepita katikati ya shamba ya miti ya kalitusi. Shamba ya nani? Ya Lambert. Na pembeni ya lami, Lambert iko anajenga malewa ya matofali, na kibao kubwa, na viti ya plastiki. Inatapisha. Mutu anakula sombe yako miaka kumi na mbili, kisha anakufundisha namna ya kubomoa nyumba yako.

Mama Anastasie akarudisha manjanja juu. Lakini manjanja ya kungoa iko na matundu mara mbili; mvua inanyesha mpaka ndani ya sufuria. Akapachika bikombe tena, makumi mbili na tatu, akangoja.

Ézéchiel njo alikuja wa kwanza, shofere wa zamani kuliko bote. Alikuja na pikipiki, kamiyo ameiacha ku lami.

"Mama, nipatie kikombe yangu."

"Unywe chai?"

"Hapana. Niende nayo." Hakumuangalia mama ku macho. "Patron mwenye kamiyo ameweka kamashini ndani, inamuonyesha kila pale niko. Nikisimama dakika kumi, anapiga telefone: weye Ézéchiel, unauza mafuta yangu? Lami njo inatufukuza, mama. Hatusimamake tena."

Mama akaipangusa kikombe na kitambaa, akamupatia. Kisha bengine bakakuja, bengine bakatuma. Mufundi wa kuziba pineu za kamiyo akahamia Komanda. Wa chapati akafunga. Muchana, ku Parkingi, ungesikia mbuzi inatafuna.

Lambert akakuja mwezi ya tatu, viatu safi, kicheko ya uongo.

"Mama yangu! Uko unateseka hapa juu ya nini? Hama kule kwangu. Utapika, siye tutagawana. Na ubebe bikombe, eh? Bashofere bakiona bikombe yabo, batasimama."

"Kule hawasimamake?"

Lambert akajikuna shingo. "Banapita mbio. Sawa banafukuzwa."

Mama Anastasie akacheka mpaka akakohoa. Akageukia ukuta. Ilibaki kikombe moja tu, mwenyewe hajakuja kuikamata. Akaitoa, akamwanga maji ya mvua yenye ilikuwa ndani, akamuwekea Lambert ndani ya mukono.

"Hii yako. Beba. Kaipachike kule ku matofali yako, tuone kamiyo gani itasimama."

"Mama Anastasie, unanifukuza? Mimi shefu?"

"Sikufukuze. Lakini chakula yako iko ku lami."

Lambert akapanda kilima na kikombe ku mukono, kila mwenye alibaki ku Parkingi anamuona. Mama Anastasie akakamata nyundo, akangoa musumari ya Lambert, akaitumia kuziba tundu ya manjanja juu ya sufuria.