Mwana wa Mfalme Aliruka Bila Kuimbiwa

Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwetu Karatu, tulikuwa na mgeni: mzee wa Kimaasai kutoka Nainokanoka, rafiki wa marehemu baba, aliyeshuka kwa ajili ya kliniki ya macho. Binti yangu akawasha baleti iliyorekodiwa, ile ngoma ya Kizungu ya kusimama kwa ncha za vidole. Hadithi yake ni ya mwana wa mfalme na binti aliyerogwa.

Nikaona aibu kidogo. "Samahani, mzee. Hawa wanacheza tu, hawasemi neno."

"Naona," akajibu, macho kwenye televisheni.

Mwana wa mfalme akakimbia, akaruka juu kabisa. Mzee akauliza, "Mbona anaruka na hakuna anayemwimbia?"

"Kuna muziki, babu," alisema binti yangu.

"Hivyo ni vyombo tu. Wenzake wamesimama pale wamefunga midomo."

Nilitaka kumweleza habari za okestra. Kabla sijaanza, akaegemeza kidevu kwenye fimbo yake, akaanza kuguna kutoka kifuani, kama morani wanavyomwimbia mwenzao anaporuka. Kijana wa kwenye televisheni akipanda, sauti inapanda naye. Akitua, nayo inatua. Hakumwacha hata kwa mruko mmoja.

Mimi baleti hiyo nimeitazama mara tatu, tena nikijiona mstaarabu. Sikuwahi kufikiri kwamba yule kijana anaruka peke yake.

Binti yangu akachukua rimoti. Nilidhani anaongeza sauti ya televisheni. Alikuwa anaipunguza.