Bampa Iliyong'aa Kupita Gari

Papa, yaani baba yangu, alikuwa akisubiri abiria kwenye uwanja wa ndege wa Luano, na abiria walikuwa wakimpita. Aliwaona wakitoka na masanduku yao, wakitupa jicho kwenye mstari wa teksi, kisha wakiliruka gari lake na kwenda kwa lililofuata. Gari lenyewe lilikuwa zima. Injini aliitunza kwa mikono yake. Ubaya ulikuwa usoni. Bampa ya mbele, ambayo sisi huku tunaiita pareshoki, ilikuwa imechubuka kona zote mpaka plastiki nyeusi inaonekana, na jua lilikuwa limeibabua verni, ule utando wa kung'arisha juu ya rangi, ikabaki na mabaka.

"Muntu anatoka Kinshasa na kostimi na tai, atapanda mu hii?" alisema jioni moja akivua viatu. "Hata miye singepanda."

Nikamwambia nitaipaka mimi.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za simu, na kazi yangu kubwa kabla ya hapo ilikuwa kuipaka rangi friji ya mama. Tena mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Nikifunga mlango narudi kuhakikisha nimeufunga. Ujumbe wa mstari mmoja nauandika na kuufuta mpaka ninayemwandikia ameshalala. Kwangu kitu kikiwa na kasoro ndogo, ni kama mimi mzima nina kasoro na watu wote wanaiona.

Mara ya kwanza niliiosha bampa, nikaisugua kwa msasa wa maji, nikapaka rangi. Ilipokauka, nilibandua utepe niliokuwa nimeuweka pembeni, na rangi ikaja nayo, ngozi nzima, kama utando wa maziwa. Sikujua kwamba plastiki ina rangi yake ya chini, bila hiyo haishiki kitu. Papa aliangalia, akasema, "Bon. Anza tena." Akaenda Luano na gari lisilo na bampa, vyuma vikionekana kama meno.

Mara ya pili nilinunua rangi ya chini. Nilifungua kifuniko cha tangi la mafuta nikaenda nacho kwa mchanganya rangi, ili ile ya kijivu ifanane kabisa. Kilichobaki cha kuogopa kilikuwa vumbi. Ilikuwa kiangazi, na vumbi letu jekundu huingia hata kwenye sahani iliyofunikwa. Basi nikafanya anavyofanya mama kabla ya kufagia: nikamwagia uwanja wetu wa nyumbani maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka udongo ukatulia. Jua lilikuwa linashuka na baridi inaanza. Rangi ilipokauka, nikapuliza verni. Mbele ya macho yangu ikageuka nyeupe, nyeupe ya ukungu, kwa sababu ya ule unyevu wote nilioutengeneza mwenyewe. Nikakaa chini nikalia kwa sauti.

Jirani akauliza juu ya ukuta, "We mudada, ni pareshoki, ao kuna muntu alikufa?"

Mara ya tatu nilitoa makaa yote ya mama kwenye stoo, nikaosha kuta, nikatundika mashuka, nikapuliza saa sita mchana wakati hewa ni kavu na plastiki ina joto. Tabaka jembamba, kusubiri, tabaka jingine. Verni ilijilaza yenyewe. Niliinama nikaona uso wangu ndani yake, na kwa mara ya kwanza sikuuchukia.

Ningeishia hapo. Lakini bampa ilipofungwa, boneti ilionekana imezeeka kuliko jana. Nikaing'arisha boneti. Boneti ikazichongea taa, taa zikaichongea milango.

"Mama, inatosha," papa aliniambia, maana huku baba humwita bintiye mama akimpenda. "Niachie gari niende kazi."

"Bado kidogo, papa."

Nilipomwachia, lilikuwa kama jipya lililoshushwa jana. Abiria walianza kumjia. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Jumapili moja, baada ya misa, akaja baba mukubwa, kaka yake papa. Huyo ndiye aliyemlipia papa masomo baba yao, mfanyakazi wa reli, alipofariki, na miaka yote amelicheka gari letu. Siku hiyo alilizunguka bila kucheka.

"Mudogo! Ulinunua gari, unanificha?"

"Apana, yaya," papa akamjibu, maana huku kaka mkubwa huitwa yaya. " Njo ile ile ya zamani."

"Ile ya kukohoa? Nani alifanya hii?"

Papa akaninyooshea kidevu. Nami nilifurahi. Nilimweleza yote, rangi ya chini, stoo, mashuka. Nikamwonyesha mahali pa kuweka jicho ili auone mng'aro vizuri. Nilimnadia gari la papa kwa mdomo wangu.

"Bon," akasema. "Bakwe banakuja juma hii kuposa mutoto wangu. Nitabapokea na hii. Ikimalizika nakurudishia."

"Ndiyo, yaya." Papa akampa ufunguo kwa mikono miwili. Mama, aliyekuwa ameleta maji, aliitua glasi kwa kishindo.

Wakwe walikuja, wakaondoka. Gari halikurudi. Mwanzoni papa alisema kaka yake amesahau. Baadaye, kwamba amelipeleka mpakani Kasumbalesa kwa shughuli zake. Mwisho akaacha kusema.

"Enda umuulize," nilimwambia.

"Nimuambie nini? Yaya, rudisha? Njo yeye alinisomesha."

"Na shiye tutakula nini?"

Alitazama uwanjani, pale gari lilipokuwa likikaa. Kisha: "Ilipokuwa mubaya, hakuna mwenye aliiomba."

Sijui kama alinisema mimi. Niliyachukua maneno hayo kama yangu, na bado ninayo. Ningeishia kwenye bampa, baba mukubwa angeicheka akaenda zake. Lakini hasira yangu haiishii kwangu. Namkasirikia yule mzee, naikasirikia mikono miwili ya papa, na heshima hii inayopanda tu na haishuki.

Juzi simu ya papa ililia, akaiweka kwa sauti kubwa.

"Mudogo, pareshoki ya nyuma nayo ilichubuka. Tuma ule mutoto. Anajua kazi."

"Atakuja, yaya."

Nilisogea kwenye simu. "Sikuji, baba mukubwa. Rudisha gari ya papa, nitaipaka hapa nyumbani."

Kikaja kicheko, "Batoto ya leo!", na simu ikakatwa.

"Umenipatisha haya," papa alisema bila kunitazama. Akachukua koti lake, akaenda kungoja basi ya Luano, ambako siku hizi anawaitia abiria madereva wengine. Gari bado liko kwa kaka yake.