Jembe Lenye Muhuri

Tangu mumewe azikwe, Klaudia wa Kamachumu hakuumizwa na kitu wala kufurahishwa na kitu. Mwanawe Avit alimchukua kwake Bukoba mjini, akamkalisha kwenye kochi laini, laini hata nzi akitua anazama mpaka mabawa. Akakaa miaka miwili. Akanenepa hata milango ikawa inamwogopa. Akiambiwa ale, anakula. Akiambiwa sukari yake imefika kumi na nane, anasema, "Sawa."

"Sawa vipi, Bibi?" aliuliza Sumaiya, muuguzi wa kliniki. "Sukari hii itakula macho, itakula miguu. Nyumbani unafanya kazi gani?"

"Kukaa."

Sumaiya akamgeukia Avit, akamweleza kwamba mwilini mna protini ambayo kazi yake ni kuizuia misuli isikue. Mtu akikaa tu, inatawala. Misuli inanyauka, na misuli ndiyo inayokula sukari nyingi. Akitoa jasho, protini ile inapungua.

"Kumbe ndani mna mlaji, na mna mnyapara anayemnyima sahani," alisema Klaudia bila kucheka. "Nirudisheni kwenye kibanja changu, nikapalilie migomba."

Avit akainamisha kichwa. "Waitu Mama, nina nyumba ya vigae. Watu wakikuona na jembe watasema mke wangu amekufukuza."

"Watasema. Ndiyo kazi pekee isiyowachosha."

"Dada, si umwongezee vidonge tu?"

"Vidonge anavyo, na ataendelea navyo," alisema Sumaiya. "Peke yake havitoshi."

Avit akafikiri mpaka foleni nje ikaanza kuguna. Mwishowe akasema, "Basi mwandikie jembe. Kwenye karatasi yenye muhuri."

Sumaiya akaandika: jembe, nusu saa kila asubuhi, na viatu vya kufunika vidole.

Jumamosi, Kamachumu, Avit alisimama mbele ya nyumba ya mama yake akawasomea majirani karatasi ile kwa sauti ya katekista. Aliisoma mara mbili, akauinua muhuri wauone. Mzee Karugendo akauliza kama naye anaweza kuandikiwa, ila yeye aandikiwe kupumzika. Watu wakacheka.

Klaudia hakuwa nao. Alikwisha kuingia kwenye migomba na viatu vyake vipya, jasho linamchuruzika, uso ni ule ule usio na habari. Avit akamfuata.

"Unajisikiaje, Mama?"

"Sijisikii chochote," alisema, akainua jembe. "Sogea, umesimama ninapolima."