Nilipewa shamba mwishoni mwa Februari, mahindi ya wenzangu yameshatoa mbelewele: nilichopanda Chilangala na kilichotokea

Habari zenu wakuu. Leo nami nashusha uzi. Sitaongeza chumvi, mambo yenyewe yanatosha.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Nasra. Nilikuwa nimeolewa Chiwata, kule Masasi. Ndoa ikavunjika Januari, katikati ya msimu wa mvua wa kwetu. Shamba nililolipalilia nikaliacha kule kule. Nikarudi kwetu Chilangala, Newala, na begi, godoro na mtoto.

Tulipokelewa na kaka yangu Hamisi na mkewe, Mama Shufaa. Sina baya la kuwasema, tulikula walichokula.

Ila mwanangu alianza kuomba ruhusa kabla ya kuongeza ugali. Mtoto wa miaka sita! Hakuna aliyemfundisha. Siku nilipoliona hilo, niliacha sahani nikasimama.

Nikamwendea mama yangu, anaishi nyumba ya pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uso huo?"

"Naomba lile shamba la bibi."

Lile shamba ni la upande wa mama, lilikuwa limelala miaka kadhaa tangu magoti yaanze kumsumbua mama. Lilishageuka kichaka.

Akaniangalia sana. "Mwanangu, watu wanangoja mahindi mabichi, wewe unaanza kufyeka? Pumzika. Utalima msimu ujao."

Nikamwambia msimu ujao ni mbali, na Nasra anakula leo. Akasema, "Ni lako. Lakini weka muhogo tu, usijichoshe na mengine."

Nilifyeka peke yangu. Hamisi alikuja siku mbili kung'oa visiki. Mikono ilitoka malengelenge mpaka nikawa nashika kijiko kwa shida.

Sasa likaja swali la kupanda nini. Hapo ndipo nilipopata presha.

Mama: muhogo. Hamisi: mahindi ya muda mfupi. Mama Shufaa: usipande kitu, mbegu itapotea bure.

Moyo wangu ulitaka mahindi, wakuu. Kwetu usipokuwa na unga ndani unajiona huna kitu.

Bustani ya mchicha niliifuta kichwani mapema. Wanaotaka kuniuliza kwa nini sikumwagilia, karibuni huku juu Newala mpandishe ndoo kutoka bondeni kwanza, halafu tuongee.

Nikakumbuka mwaka mmoja Chiwata, mahindi yetu yaliliwa na viwavi, tukatupia choroko palepale mwezi wa tatu. Zilitoka. Choroko haidai mvua nyingi, na mvua iliyobaki ilikuwa kidogo.

Basi nikaamua. Sehemu kubwa choroko. Pembeni kunde, tuchume majani mapema. Katikati muhogo wa mama, kwa ajili ya mwakani.

Na bado nikatenga kipande cha mahindi. Nilijua kabisa mvua haitayatosha. Nikapanda hivyo hivyo.

Mvua ikanyesha vizuri wiki za mwanzo, nikajiona mjanja. Halafu ikakata.

Mahindi yalifika kiunoni, majani yakajikunja kama sigara. Nilikuwa nasimama pale nayatazama kama mgonjwa. Hayakutoa hata gunzi moja la maana. Nililia, sitaficha.

Lakini mistari ya pembeni yake, choroko zilikuwa zimebeba! Maganda yanageuka meusi, jua kali, hakuna mvua ya kuyaozesha. Kunde tulishaanza kula majani yake siku nyingi.

Siku ya kuvuna, Hamisi alimleta mama kwa baiskeli. Nilidhani kaja kutazama. Akatandika kanga, akakaa chini, akaanza kuchuma maganda yaliyo karibu yake. Akimaliza pale anajisogeza mbele, vile vile amekaa.

Jua likapanda. Nikamwambia, "Mama, inatosha, Hamisi akurudishe."

"Nendeni nyinyi. Mimi mama yangu alinifundisha kulima hapa hapa. Niacheni kidogo."

Tukakaa naye. Akawa anamwonyesha Nasra ganda lililokomaa na lile la kusubiri, akimtajia majina ya watu waliowahi kulima pale ambao mimi mwenyewe sikuwajua.

Choroko zile hazikunitajirisha. Zimetulisha, nyingine nimeuza tukanunua unga, na mbegu nimeweka. Mama Shufaa kaniomba nimtengee kidogo. Muhogo bado uko shambani, wa kijani, wakati kila kitu kingine kimekauka.

Nilichojifunza: ukichelewa, angalia mvua iliyobaki ndipo uchague mbegu. Ukichagua kwa hamu ya tumbo, utapata mahindi kama yangu. Na usiogope kuanza kwa sababu wenzako wako mbele.

Wenye uzoefu wa huku juu, nisaidieni: mvua zijazo kati ya muhogo nichanganye mbaazi au njugu mawe? Na wewe uliyewahi kuanza kwa kuchelewa, ulipanda nini? Nawasoma wote, hata wa kunicheka kwa yale mahindi.